Vitenzi na Virai Vihusishi: Kiingereza, Kirundi na Kiswahili cha Darasani

Katika sura iliyotangulia tulizichambua kauli za kitenzi, moja baada ya nyingine, kwa kutazama viambishi vyake. Sura hii inashughulikia swali ambalo walimu tarajali hutuletea wanaporudi kutoka mazoezi ya kufundisha kandokando ya ziwa, kuanzia Muhuta hadi Rumonge: inakuwaje mwanafunzi anayeweza kunyambua kitenzi ubaoni bila kosa lolote aandike katika insha yake, "Nimenunua mukeke kwa mama", ilhali anakusudia kusema kwamba samaki huyo ni wa kumpelekea mama? Kanuni anaijua. Nunua, nunulia, nunuliwa: amezikariri zote. Lakini anapotunga sentensi yake mwenyewe huiacha kanuni hiyo kando na kushika neno kwa, ambalo amelizoea kuwa ndilo tafsiri ya "for" ya Kiingereza na "pour" ya Kifaransa.

Kosa hili haliondoki kwa kukariri orodha ya viambishi mara ya pili. Huondoka pale mwalimu anapoelewa kwamba kazi ambayo Kiingereza hukipa kihusishi, Kiswahili huigawa kwa vyombo kadhaa, na kwamba kihusishi ni chombo kimoja tu kati ya hivyo, tena si kikubwa kuliko vyote.

Sentensi moja ya Kiingereza

Tuchukue sentensi ambayo mwanafunzi wetu anaweza kukutana nayo katika kipindi cha Kiingereza: "He waited for the boat at the port for two hours." Sentensi hii ina virai vihusishi vitatu, na kwa jicho la haraka vyote vinafanana: kihusishi, kisha nomino. Lakini havina uhusiano sawa na kitenzi.

Kirai cha kwanza, "for the boat", kimefungwa na kitenzi chenyewe. Kitenzi "wait" hakikipokei moja kwa moja kile kinachosubiriwa. Lazima "for" isimame katikati. Mzungumzaji hana hiari hapo, na "for" hiyo haina maana ya kunufaisha wala ya muda. Ni sharti la kitenzi, kama ufunguo na kufuli lake. Kirai cha pili, "at the port", ni huru. Tukitaka tunaweza kukiondoa, au kubadili kihusishi chake tukasema karibu na bandari, nje ya bandari, nyuma ya bandari, na kitenzi kisilalamike. Kirai cha tatu, "for two hours", nacho ni huru, hutaja muda. Kwa hiyo "for" imetokea mara mbili ndani ya sentensi fupi, na hizo mbili hazina udugu isipokuwa wa sauti.

Sasa tuiseme kwa Kiswahili: "Alisubiri boti bandarini kwa saa mbili." Kihusishi cha kwanza kimetoweka, kwa kuwa subiri humpokea anayesubiriwa kama shamirisho ya kawaida. Cha pili kimegeuka kiambishi tamati -ni na kujibandika kwenye nomino. Cha tatu peke yake ndicho kilichobaki kihusishi, na hata hicho kinaweza kuachwa: "alisubiri boti bandarini saa mbili" ni sentensi nzima. Mwalimu aliyeielewa sentensi hii moja ana nusu ya somo mkononi.

Katika shule za Burundi mtoto hukutana na Kirundi, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili chini ya paa moja, mara nyingine katika asubuhi moja. Mwalimu wa Kiingereza humfundisha, kwa haki kabisa, kukariri vitenzi pamoja na vihusishi vyake: "listen to", "depend on", "wait for". Hana njia nyingine, kwa sababu Kiingereza hakitoi kanuni ya kueleza kwa nini mtu "depends on" na si "depends at". Wakati mwingine kihusishi hubadili maana ya kitenzi moja kwa moja. "Look at", "look for" na "look after" huonekana kuwa kitenzi kimoja, lakini kwetu ni vitenzi vitatu visivyohusiana: tazama, tafuta, tunza. Mwanafunzi anayechukua tazama na kuiongezea kwa ataandika "natazama kwa kitabu changu", na msomaji hatajua kama kitabu kimepotea au kiko mezani mbele yake.

Kifaransa, kwa bahati, hutusaidia katika baadhi ya vitenzi. "Attendre", "chercher" na "écouter" havidai kihusishi, sawasawa na subiri, tafuta na sikiliza. Lakini hicho hicho hutuletea "téléphoner à", na ndipo tunapopata "nimepiga simu kwa baba". Sentensi hiyo husikika hata redioni na haivunji maana. Hata hivyo, Kiswahili kilichokomaa kingesema "nimempigia baba simu", na tungependa mwanafunzi aanze na hiyo.

Vitenzi visivyodai chochote

Kundi la kwanza la kufundisha ni la vitenzi ambavyo Kiingereza huvipa kihusishi na Kiswahili hakivipi kitu: subiri basi, tafuta kazi, sikiliza redio, panda mtumbwi, vuka ziwa, fika Gitaza. Kitenzi tegemea kinastahili tahadhari ya pekee. "Itategemea hali ya hewa" ndiyo sentensi sahihi. Siku hizi "itategemea na hali ya hewa" imeenea mno, hata katika hotuba za wakubwa, na "itategemea juu ya hali ya hewa" ni kivuli kitupu cha "on" ya Kiingereza. Msimamo wetu ni kwamba umbo la pili mwalimu alisahihishe katika maandishi bila kupigia kelele anapolisikia katika mazungumzo. La tatu alisahihishe popote.

Vitenzi jaa na nuka huwasumbua walimu wenyewe. Mtumbwi umejaa maji. Soko limejaa watu. Mikono inanuka samaki. Kiingereza hudai "full of", "smell of", na mwanafunzi huongeza kwa au na ili pasiwe na pengo. Pengo hilo halipo. Nomino inayofuata hukamilisha kitenzi bila daraja lolote.

Kitenzi fa ni darasa kamili, na kwa watoto wanaoishi ufukweni si neno la mbali. Mtu hufa maji, yaani huzama. Hufa njaa. Hufa kwa malaria. Anaweza pia kufia ziwani, na hapo hatujasema kwamba alizama: yawezekana aliugua akiwa kwenye mtumbwi, akakata roho kabla ya kufikishwa nchi kavu. Anaweza kuifia nchi yake. Aliyebaki hai hufiwa: "amefiwa na baba." Kiingereza hupanga maana hizi kwa "of", "in" na "for", Kiswahili kimetumia nomino tupu, kihusishi, kauli ya kutendea, na kauli ya kutendewa, vyote juu ya mzizi wenye konsonanti moja. Mwandishi wa taarifa akichanganya "alikufa maji" na "alifia majini" atakuwa ameandika chanzo cha kifo asichokijua.

Mwalimu aonyeshe pia umbo. Tunasema alikufa, kwa ku- inayobeba mzizi mfupi, lakini alifia, bila ku-, kwa kuwa kiambishi cha kutendea kimeurefusha mzizi na hauhitaji tena kubebwa. Kitenzi la hufuata njia hiyo hiyo: alikula, lakini alilia chumbani, umbo ambalo kwa bahati mbaya limegongana na lia ya machozi. Mgongano huo ndio uliotupa mkono wa kulia, ambao hauhusiani na kilio: ni mkono wa kula kwao chakula. Wanafunzi hulifurahia jambo hili, na mwalimu asilipoteze.

Vitenzi vya wawili

Pale Kiingereza kinaposema "meet with", "fight with", "agree with", Kiswahili huweka na baada ya kauli ya kutendana: kutana na, pigana na, agana na, kubaliana na. Hapa kihusishi kipo kweli, lakini kazi kubwa imeshafanywa na -an-. Tulinganishe: kukubali bei ni kuipokea bei iliyotajwa, kukubaliana na muuzaji ni kupatana naye, kukubaliana kuhusu bei ni kufikia bei moja baada ya kuvutana. Na tutazame kitenzi cheka. "Wamenicheka" ni dhihaka, na "wamecheka nami" ni urafiki. Kiingereza hutenganisha mambo haya kwa "laugh at" na "laugh with". Sisi hutumia kiambishi cha shamirisho kwa la kwanza na na kwa la pili. Mtoto akija kushtaki kwa mwalimu, tofauti hiyo ndiyo kesi yenyewe.

Kauli ya kutendea

Tunafika penye kiini cha somo. Kitabu cha D. V. Perrott, Teach Yourself Swahili, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1951, kiliiita kauli hii "prepositional form", yaani kauli ya kihusishi. Jina hilo lilikuwa la haki kwa wasomaji wake, kwa sababu Mwingereza hawezi kutafsiri pikia, endea au katia bila kuongeza "for", "to" au "with". Kwa mwalimu wa Rumonge jina hilo linapotosha. Humfanya afikiri kwamba kitenzi kimekopa kazi ya kihusishi, wakati kwa lugha za Kibantu kitenzi ndiye mwenye kazi hiyo tangu mwanzo.

Ushahidi tunao karibu sana, nao ni Kirundi. Guteka, gutekera; gusoma, gusomera; gukora, gukorera; kwandika, kwandikira; kugura, kugurira. Mwanafunzi wetu amekuwa akitumia kauli ya kutendea tangu alipojifunza kuongea. Hata kanuni ya irabu ni ile ile: palipo na e au o katika mzizi kiambishi huwa -er-, na palipo na a, i au u huwa -ir-, kama ambavyo Kiswahili huweka -e- katika somea na letea, na -i- katika pikia, andikia na nunulia. Tofauti ni kwamba Kirundi kimehifadhi konsonanti ambayo Kiswahili kimeipoteza, isipokuwa inapojitokeza tena katika vitenzi vinavyoishia kwa irabu mbili: chukua huwa chukulia, pokea huwa pokelea, kimbia huwa kimbilia.

Kwa hiyo mwalimu asianze kwa kuuliza, "for" ni nini kwa Kiswahili? Aulize: kugurira ni nini kwa Kiswahili? Mwanafunzi aliyeulizwa swali la kwanza hujibu kwa. Aliyeulizwa la pili hujibu nunulia, na sentensi humjia nzima: "Nimemnunulia mama mukeke." Sasa kwa imebaki huru kufanya kazi yake: "Nimemnunulia mama mukeke kwa mvuvi, kwa fedha taslimu." Mvuvi ndiye aliyeuza, fedha ndiyo njia ya malipo, na hakuna atakayemdhania mama kuwa mchuuzi.

Kirundi hakitatusaidia hadi mwisho, na mwalimu lazima ajue kinapoishia. Kwanza, Kirundi hupenda kutumia kauli hii mahali panapotajwa: "akorera i Rumonge", "yigira i Gitega", "yavukiye i Muhuta". Kiswahili hutosheka na "anafanya kazi Rumonge", "anasoma Gitega", "alizaliwa Muhuta". Tukisikia "anafanyia kazi Rumonge" hatuna ugomvi, kwa kuwa Waswahili wengi husema hivyo. Lakini "alizaliwia Muhuta" si Kiswahili. Isitoshe, somea ina maana yake nyingine iliyokwisha kuzoeleka: anayesomea ualimu anajiandaa kuwa mwalimu. Pili, Kirundi huruhusu viambishi viwili vya shamirisho ndani ya kitenzi kimoja, cha kitu na cha mtu. Kiswahili huruhusu kimoja tu, nacho ni cha mnufaika: "nimemnunulia", kamwe si "nimezimnunulia". Samaki watatajwa kwa nomino au wataachwa waeleweke.

Maana za kauli hii ni nyingi kuliko kunufaisha. Kuna chombo: taa za kuvulia ndagala, kisu cha kukatia nyama, debe la kubebea mawese. Wavuvi wa Tanganyika huvua ndagala usiku kwa mwanga unaowavuta samaki juu, na ukitaka kuitaja taa hiyo kwa Kiingereza utalazimika kuacha kihusishi kikining'inia mwishoni, "lamps to fish with". Kwa Kiswahili kimeingia tumboni mwa kitenzi. Kuna sababu: "unalilia nini?" Kuna hasara: "mtumbwi umemzamia", ambapo anayetajwa hakupata faida bali ameumia. Na kuna malipo, ambapo maana tatu husimama bega kwa bega: kulipa nauli, kumlipa dereva, kumlipia mwenzako nauli. Hizi tatu zifundishwe pamoja, kwa mchezo wa basi darasani ikiwezekana.

Maana ambayo tungependa kukaa nayo zaidi ni ya mwelekeo, kwa sababu hapo kiambishi kimoja hugeuza sentensi kichwa chini miguu juu. Kimbia hutaja unachokiacha. Kimbilia hutaja unakokwenda. Hama ni kuondoka. Hamia ni kuingia. Ruka mtaro ni kuuvuka. Rukia mtumbwi ni kutua ndani yake. Kiingereza hutumia "from" na "to" kwa haya, na mwanafunzi anayetegemea vihusishi huandika "walikimbia Kigoma" akidhani kwamba jina la mahali likikaa baada ya kitenzi cha mwendo basi huonyesha mwisho wa safari. Sivyo. "Walikimbia Kigoma" ni watu walioikimbia Kigoma.

Katika ukanda huu hilo si jambo la ubaoni tu. Mwaka 1972 familia nyingi za Rumonge na Nyanza-Lac zilikimbia nchi, zikakimbilia Tanzania na Zaire. Mwezi Mei 2015 maelfu ya watu walikimbilia Kagunga, kijiji cha ufukweni upande wa Tanzania, na meli ya MV Liemba ikawachukua kutoka hapo hadi Kigoma. Watoto na wajukuu wa watu hao wamo madarasani mwetu, na baadhi yao walirudi na Kiswahili fasaha kuliko cha walimu wao. Mtu anayeandika maelezo ya familia yake kwa ajili ya ofisi yoyote, kiambishi -li- kati ya kimbia na kimbilia ndicho kitakachosema alitoka wapi.

Tuendelee mbele kidogo, kwenye ardhi. Waliorudi kutoka uhamishoni mara nyingi walikuta mashamba yao, yakiwemo ya michikichi, yakilimwa na watu wengine. Mwaka 2006 iliundwa Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine kushughulikia migogoro ya namna hiyo. Tuchukulie sentensi tatu ambazo mtu angeweza kuandika katika maelezo yake:

"Baba aliacha shamba kwa jirani."
"Baba alimwachia jirani shamba."
"Baba alimuuzia jirani shamba."

Ya tatu haina utata. Ya kwanza, kwa masikio yetu, inasikika kama mali iliyowekwa mahali: shamba lilibaki chini ya jirani, mwenyewe akaondoka. Ya pili imemweka jirani ndani ya kitenzi, ikamfanya mlengwa wa tendo. Lakini je, imempa umiliki? Hapana, na hapa walimu wengi hukosea kwa kuidai kauli ya kutendea zaidi ya uwezo wake. Kauli hii husema tendo lilimlenga nani. Haisemi kwa haki gani. "Alimwachia alitunze" na "alimwachia liwe lake" zote mbili ni Kiswahili safi. Anayetaka kusema kwamba shamba lilikuwa amana na aongeze kishazi, au abadili kitenzi: "jirani alimtunzia baba shamba." Hapo mnufaika amekuwa baba, na hakuna wakili atakayeigeuza. Tunashauri zoezi la namna hii lifanywe na madarasa ya juu, bila kutaja familia yoyote ya kijijini.

Udhaifu wa namna hiyo unaonekana pia katika tupia. Kiingereza hutofautisha kumrushia mtu mpira aukamate, "to", na kumrushia jiwe limpate, "at". Kiswahili husema alimtupia kwa yote mawili, na kuacha mpira au jiwe lenyewe liseme.

Tukiiweka kauli hii katika kutendwa, mnufaika hupanda kuwa kiima: "mgeni amepikiwa chai", kando ya "chai imepikwa". Vitenzi vyenye irabu mbili mwishoni huleta mtego: nunuliwa ni ya kutendwa kwa nunua na pia kwa nunulia. "Samaki amenunuliwa" na "mama amenunuliwa samaki" zina kitenzi chenye umbo moja, na mwanafunzi akisahau kuitaja nomino ya mwisho atakuwa amemuuza mama yake. Kwa acha umbo hutenganisha: "ameachwa" na "ameachiwa" ni habari mbili tofauti kabisa ndani ya ndoa.

Mahali

Kuhusu mahali tutasema machache, kwa kuwa sura ya ngeli imelijadili jambo hili. Pande zote mbili za ziwa, Burundi na mashariki ya Kongo, utasikia "niko mu nyumba", "naenda ku soko". Hizo mu na ku ndizo za Kirundi na za lugha nyingine jirani, na katika mazungumzo ya ufukweni hazimdhuru mtu. Katika maandishi sanifu tunataka nyumbani au katika nyumba, sokoni au kwenye soko. Kosa linalotuudhi zaidi ni la mwanafunzi aliyekwisha kuonywa kuhusu mu na ku: huogopa, akaweka kinga mbili, "katika nyumbani". Mwonyeshe kwamba kimoja chatosha. Kwa hutangulia watu, si vitu: kwa daktari, kwa mjomba. Wakenya wengi husema "kitabu kiko kwa meza", na mwanafunzi aliyekulia Nairobi akija nayo asichekwe. Aambiwe tu kwamba mtihani utataka mezani.

Namna ya kulifundisha

Daftari la msamiati la mwanafunzi huwa na safu mbili, Kiswahili na Kifaransa au Kiingereza. Tunapendekeza kitenzi kisiingizwe humo peke yake, bali kiingie na wenzake: si lipa tu, bali lipa kitu, lipa mtu, lipia mtu kitu, si kubali tu, bali kubali jambo, kubaliana na mtu, si jaa tu, bali jaa kitu. Safu ya tatu iwe ya Kirundi. Mwalimu asiyejua Kirundi, kama baadhi ya wenzetu waliotoka nchi jirani, awaombe wanafunzi waijaze wenyewe. Somo litakuwa hai zaidi kwa sababu siku hiyo wao ndio watakuwa walimu.

Vipindi viwili havitoshi kwa kauli ya kutendea. Kimoja kitoshe kwa mwelekeo peke yake. Vitenzi visivyodai chochote vifundishwe kidogo kidogo, kila kimoja kinapojitokeza katika usomaji, kwani orodha yake ndefu huchosha na kusahaulika.

Mazoezi

1. Tafsiri kwa Kiswahili, kisha ueleze kila kihusishi cha Kiingereza kimekwenda wapi: "She paid for my ticket." "They laughed at the old man." "The canoe was full of fish." "We agreed on the price with the driver." "He jumped into the boat."

2. Sahihisha sentensi hizi, na useme kila kosa limetoka katika lugha gani: "Dada yangu alizaliwia Gitaza." "Safari itategemea juu ya upepo." "Vitabu nimezimpelekea mwalimu." "Nasikiliza kwa habari." "Tulilala katika nyumbani kwa shangazi."

3. Eleza tofauti ya maana: alikufa maji, alifia majini, alikufa kwa maji machafu, mwombe Mungu, mwombee mgonjwa, walihama Muhuta, walihamia Muhuta.

4. Andika aya mbili kuhusu familia ya kubuni iliyorudi kutoka uhamishoni, ukitumia acha, achia, tunzia, rudi, rudia na rudishia. Mpe mwenzako aya hizo bila maelezo yoyote, na umwombe akuambie shamba ni la nani.

5. Nenda ufukweni asubuhi mitumbwi inaporudi. Andika sentensi kumi unazozisikia zenye kauli ya kutendea, za Kiswahili au za Kirundi, pamoja na kazi ya kila moja: kunufaisha, chombo, sababu, hasara au mwelekeo. Mwuzaji wa kwanza utakayemsikia akisema "nikukatie?" au "nikufungie?" ameshakupa mbili.